Mtoto Anayekwama Kusoma, Kuandika au Kuhesabu: Mwongozo kwa Walimu na Wazazi wa Dodoma

Katika shule nyingi za msingi za mkoa wa Dodoma, kuanzia zile za katikati ya jiji hadi shule shikizi za vijiji vya Bahi, Chemba na Mpwapwa, mwalimu wa darasa la tatu humkuta mtoto anayezungumza vizuri, anayecheza vizuri, anayejua kama mbuzi wa baba yake wote wamerudi zizini, lakini akifunguliwa kitabu hawezi kuumaliza mstari mmoja. Darasani huitwa mzito, nyumbani huitwa mvivu, na baada ya muda yeye mwenyewe huanza kuyaamini majina hayo. Mwongozo huu ni kwa ajili ya mwalimu wa kawaida ambaye hakusomea elimu maalumu na ana darasa lililojaa, pamoja na mzazi au mlezi wa mtoto huyo. Ninalotaka lishikwe ni hili: kabla ya kuamua kwamba mtoto hawezi, tafuta mahali hasa anapokwama, kisha fundisha hapo hapo, kidogo kidogo na kila siku.

Ugumu wa kujifunza, kwa maana inayotumika hapa, ni hali ya mtoto mwenye akili ya kawaida ambaye hupata shida isiyo ya kawaida katika kazi mahususi, kama vile kuunganisha herufi na sauti, kupanga maandishi kwenye mstari, au kuelewa thamani ya tarakimu. Ugumu wa kusoma na kutahajia, ambao wataalamu huuita disleksia, ndio unaofahamika zaidi. Hali hizi si ulemavu wa akili wala si matokeo ya uvivu, na mara nyingi hujirudia katika ukoo mmoja. Mwalimu wa darasa hana kazi ya kumpa mtoto jina la hali yake. Hiyo ni kazi ya mtaalamu. Kazi ya mwalimu ni kuona kwa usahihi na kufundisha inavyofaa.

Ondoa kwanza sababu nyingine

Watoto wengi wanaodhaniwa kuwa na ugumu wa kujifunza wana tatizo la macho au masikio ambalo hakuna aliyelichunguza. Wilaya ya Kongwa imetajwa kwa miaka mingi katika tafiti za trakoma, ugonjwa ambao watu wengi huuita vikope, na vumbi la kiangazi la ukanda huu haliyasaidii macho ya mtoto yeyote. Chora ubaoni herufi E zinazoelekea pande tofauti, mweke mtoto umbali wa mita sita, afunike jicho moja, aoneshe kwa mkono upande ambao herufi inaelekea, kisha abadilishe jicho. Iwapo haoni kile ambacho wenzake wanakiona kutoka umbali huohuo, apelekwe kliniki ya macho kabla ya jambo lingine lolote. Kwa upande wa masikio, simama nyuma yake kwa umbali wa mkono mmoja, mwambie azibe sikio moja kwa kidole, unong'one maneno machache anayoyajua, naye ayarudie. Sikio linalotoa usaha linahitaji zahanati, hata kama mtoto halalamiki, kwa kuwa mtoto aliyezoea kutosikia vizuri hajui kwamba wengine wanasikia zaidi yake.

Angalia pia mtoto ambaye husita ghafla katikati ya kazi, akakodoa macho kwa sekunde chache, kisha akaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Hali hiyo ikijirudia mara nyingi kwa siku yaweza kuwa aina ya kifafa isiyo na degedege wala kuanguka, na hutibika kwa dawa. Mtoto wa namna hii huadhibiwa kwa kuzubaa ilhali hana habari kwamba amezubaa.

Njaa nayo isisahauliwe. Katika miezi ya Januari na Februari, akiba ya mtama na uwele inapopungua vijijini na mavuno mapya bado, mtoto aliyetembea mwendo mrefu bila kula hawezi kushika mfuatano wa maagizo matatu. Ukiona mwanafunzi anayefanya vizuri baada ya uji na vibaya kabla yake, umekwisha kujua pa kuanzia.

Sababu inayochanganya zaidi, na ambayo hapa katikati ya Tanzania ina uzito wa pekee, ni lugha. Mtoto wa Kigogo kutoka vijiji vya Chamwino, wa Kirangi kutoka Kondoa, au wa Kisandawe kutoka Chemba huenda alianza kusikia Kiswahili kwa wingi siku aliyoingia darasa la awali. Akishindwa kusoma Kiswahili, hatujui bado kama anashindwa kusoma au anashindwa Kiswahili. Njia ya kutofautisha ni kumpima katika lugha anayoijua. Mwombe mwalimu mwenzako, mwanafunzi mkubwa au mlezi azungumze naye kwa lugha ya nyumbani, amsimulie kisa kifupi na kumtaka akirudie, ampe maagizo mawili kwa mfuatano, amtegee kitendawili, na amtake apige kofi moja kwa kila silabi ya neno. Akiyafanya hayo kwa wepesi, anachohitaji ni Kiswahili kingi cha kusikia na kuzungumza, picha, nyimbo na muda. Akikwama hata katika lugha yake, hasa katika kuvunja maneno kuwa silabi na kukumbuka mfuatano, kuna jambo zaidi ya lugha. Tahadhari moja ni ya lazima: matamshi ya nyumbani yasihesabiwe kuwa kosa la kusoma. Mtoto anayeitambua herufi r vizuri lakini akaitamka kama l amesoma sawasawa.

Msikilize anaposoma, na uandike unachosikia

Tenga daftari moja kwa ajili ya watoto unaowafuatilia, na kila mtoto apewe kurasa zake. Mwite mtoto pembeni, mbali na masikio ya wenzake, umjaribu kwa ngazi: sauti za herufi, silabi rahisi, silabi zenye konsonanti mbili au tatu, maneno mafupi, sentensi, kisha aya. Simama kwenye ngazi anayoanza kuyumba. Usiandike kwamba hajui kusoma, kwa sababu maneno hayo hayamsaidii mtu yeyote. Andika kwamba anasoma ma, me, mi bila shida, anasita kwenye nda na mba, anaruka mstari wa pili, na amesoma «baba» kama «dada».

Mfano huu wa mwisho si wa kubuni ovyo. Kuchanganya b na d ni jambo la kawaida kwa watoto wote wanaoanza, lakini kwa mtoto mwenye ugumu wa kusoma huendelea hadi darasa la tatu na la nne, na katika Kiswahili hubadilisha maana nzima ya sentensi. Mtoto aliyesoma kwamba dada amekwenda kuchunga, huku picha ikimwonesha mwanamume mwenye ndevu, akaendelea bila kushtuka, anakuonesha kwamba nguvu zake zote zimekwenda kwenye herufi na hakuna iliyobaki ya kuelewa.

Kisha fanya jaribio moja ambalo ninaliona kuwa la thamani kuliko mengine yote. Msomee wewe hadithi fupi kwa sauti, umuulize maswali matano. Siku nyingine mpe hadithi yenye kiwango hichohicho aisome mwenyewe, umuulize maswali matano tena. Anayejibu vizuri akisikiliza na akashindwa akisoma ana uelewa mzuri, na tatizo lake liko katika usomaji. Anayeshindwa kote kuwili anahitaji msaada wa lugha na uelewa kwanza, na huenda akahitaji uchunguzi mpana zaidi.

Jihadhari pia na mtoto anayesoma kwa usahihi lakini kwa mwendo wa kuchosha. Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, na kwa sababu hiyo mtoto mwenye disleksia akifundishwa vizuri aghalabu hufika mahali pa kusoma maneno kwa usahihi; shida inayobaki ni kasi. Huyu hufaulu anapoulizwa neno mojamoja, akaanguka kwenye mtihani kwa kuwa muda umekwisha akiwa swali la kumi. Mwalimu anayetazama usahihi peke yake hatamwona.

Kufundisha kusoma pale alipokwama

Anza na masikio kabla ya macho. Kwa siku kadhaa, dakika tano kila siku, cheza na sauti za maneno bila kitabu. Pigeni makofi kwa silabi: ki-ta-bu, ka-ra-nga, na m-to-to, ambayo ina makofi matatu na si mawili. Mwambie aseme «kalamu» bila «ka». Mwambie ataje maneno yanayoanza kama «maji». Michezo hii inaweza kufanyika kivulini wakati wa mapumziko na haihitaji hata kipande cha chaki, lakini ndiyo msingi ambao watoto wengi waliokwama hawakuupata.

Unapofika kwenye herufi, fundisha sauti yake kabla ya jina lake, kwa kuwa mtoto anayesema «be» kisha «a» huchelewa kung'amua kwamba viwili hivyo hutoa «ba». Usifundishe b na d katika wiki moja. Imarisha b mpaka aitambue bila kufikiri, kaa nayo kwa majuma kadhaa, ndipo ulete d. Mpe na maneno ya kujisemea anapoandika: kwa b, fimbo kwanza kisha tumbo; kwa d, tumbo kwanza kisha fimbo. Aiandike kwa kidole kwenye mchanga, kubwa, huku akiitamka, ili mkono, jicho na sikio vifanye kazi kwa pamoja. Mchanga tunao kila uwanja wa shule katika mkoa huu, na hautumii karatasi.

Silabi zifuate mpangilio unaopanda taratibu. Zile za konsonanti moja na irabu moja zikishaiva, nenda kwenye mb, nd, ng, nj na nz. Kisha ch, sh, ny, th, dh na gh. Kisha ng' ya «ng'ombe». Kisha zile zenye w, kama katika «kwetu» na «mwezi». Na mwisho zile nzito za «mbwa» na «chungwa». Usipande kwa sababu kitabu kimepanda. Mtoto huyu ana mwendo wake, na kumburuta mbele ya msingi usioiva ni kumrudisha nyuma kwa miezi.

Kikwazo kikubwa zaidi kwa msomaji mwepesi kuchoka ni urefu wa vitenzi vyetu. Neno kama «hawajatutembelea» linamtisha mtoto kabla hajaanza kulisoma. Mfundishe kwamba maneno marefu yameundwa na vipande vinavyojirudia kila siku. Funika neno kwa kipande cha boksi, ufungue «hawa», kisha «ja», kisha «tu», kisha «tembelea». Andika vipande hivyo kwenye kadi, a-li, wa-ta, ni-na, ha-wa-ja, uvichanganye na mizizi tofauti, kwa mfano «pika»: alipika, watapika, ninapika, hawajapika. Mtoto akivizoea kwa macho, hatalazimika tena kuvisoma herufi kwa herufi, na kasi yake huongezeka kwa namna inayoonekana. Mazoezi haya sijui kwa nini hayapewi nafasi kubwa zaidi madarasani, maana yanaifaa lugha yetu kuliko mbinu nyingi zilizoletwa kutoka kwenye lugha zenye maneno mafupi.

Kwa kasi, tumia usomaji wa kurudia. Chagua kifungu cha maneno 30 hadi 50 ambacho mtoto anaweza kukisoma kwa makosa machache. Msomee wewe mara ya kwanza akifuata kwa kidole, msome pamoja mara ya pili, kisha asome peke yake mara mbili au tatu. Hesabu maneno aliyosoma sawasawa kwa dakika moja, uyaandike kwenye ukurasa wake, na umwoneshe ongezeko lake mwenyewe. Usimlinganishe na jirani yake. Kipande cha boksi kilichotobolewa dirisha la upana wa mstari mmoja humzuia asiruke mistari.

Yote haya yachukue dakika 10 hadi 15 kila siku ya shule. Saa nzima ya Ijumaa haiwezi kuchukua nafasi ya dakika hizo, kwa kuwa kile kinachojifunzwa Ijumaa kinakuwa kimepotea Jumatano.

Kuandika

Mtoto anayeandika kwa shida hupoteza somo zima akinakili ubao. Mpunguzie kunakili: mpe muhtasari ulioandikwa na mwenzake, au umtake aandike sentensi tatu za muhimu badala ya ukurasa. Gundisha kwenye dawati lake mstari wa alfabeti ili asilazimike kuinua macho hadi ukutani kila herufi. Unaposahihisha insha, toa alama za mawazo peke yake na za tahajia peke yake, na uchague aina moja au mbili tu za makosa ya kushughulikia kwa wiki hiyo. Ukurasa uliojaa wino mwekundu haumfundishi chochote ila woga. Katika masomo kama sayansi na jiografia, mruhusu ajibu kwa mdomo, kwa sababu unachopima hapo ni maarifa ya sayansi na jiografia.

Hesabu

Dalili za ugumu wa hesabu ni kujumlisha tatu na mbili kwa vidole akiwa darasa la nne, kusahau leo jedwali alilolijua jana, na kuandika mia moja kumi na mbili kama 10012. Kosa hili la mwisho lina mantiki: mtoto ameandika alichosikia, mia moja kisha kumi na mbili. Halisahihishwi kwa kumwambia arudie mara hamsini. Linasahihishwa kwa vitu vya kushika.

Kata mabua ya mtama kuwa vijiti, uvifunge kumi kumi, na mafungu kumi yafungwe kuwa mia. Mtoto ajenge 112 kwa mikono: fungu moja la mia, fungu moja la kumi, vijiti viwili. Kisha mpe kadi tatu, yenye 100, yenye 10 na yenye 2, azipange moja juu ya nyingine zikilingana upande wa kulia, ili aone kwa macho kwamba kumi imekaa juu ya sifuri za mia. Mbegu za ubuyu zinafaa kwa idadi ndogo, lakini kwa thamani ya nafasi tumia vinavyofungika. Usiviondoe vitu hivi mapema kwa hoja kwamba mtoto amekua. Aviache mwenyewe atakapokuwa havihitaji.

Majina ya namba nayo yana mtego. «Kumi na tatu» inajieleza yenyewe, lakini «thelathini» haina sauti ya tatu ndani yake, wala «arobaini» haina nne, wala «hamsini» haina tano, ilhali sitini, sabini na tisini zinafuata sita, saba na tisa. Kwa mtoto wa kawaida hili hupita bila kuonekana. Kwa mtoto mwenye ugumu wa hesabu ni ukuta. Mfundishe makumi kwa mafungu ya vijiti na wimbo, na kwa muda mruhusu aseme «makumi matatu» pembeni ya «thelathini» hadi vishikamane. Saa nayo humchanganya vivyo hivyo, kwa kuwa mshale mfupi uko kwenye 7 nasi tunasema saa moja. Mwoneshe tarakimu iliyo mkabala, upande wa pili wa uso wa saa, asome hiyo.

Kwa kujumlisha na kutoa kwa wima, mpe daftari lenye miraba, tarakimu moja kwa kila mraba, ili safu zisiteleze. Akielewa maana ya kuzidisha lakini jedwali halikai kichwani, mwekee jedwali mezani aendelee na hesabu kubwa. Fedha ni kifaa bora kuliko vyote, kwa sababu mtoto anaona faida yake: mpe shilingi elfu moja ya kuigiza, anunue nyanya za mia sita, adai chenji.

Katika darasa lililojaa

Mwalimu mwenye watoto themanini atauliza atapata wapi dakika hizo 15. Hawezi kuwahudumia wote kwa wakati mmoja, wala hatakiwi kufanya hivyo. Achague watatu au wanne wenye shida inayofanana, akae nao wakati darasa likifanya zoezi, au kabla ya masomo kuanza, kwa majuma sita, kisha awapime tena. Kundi hilo livunjwe na kuundwa upya kadiri mahitaji yanavyobadilika. Lisigeuke kuwa mstari wa nyuma wa kudumu ambao shule nzima inajua ni wa nani. Wanafunzi wanaomaliza kazi mapema wanaweza kusoma kwa zamu na wenzao, mmoja akisoma sentensi na mwingine akiirudia, ilimradi umewaonesha namna ya kusaidia bila kudhihaki.

Mwanafunzi anayekwama akae mbele, mbali na mlango na dirisha, na apewe agizo moja kwa wakati mmoja, kisha alirudie kwa maneno yake kabla ya kuanza. Anayeshindwa kutulia apewe kazi zenye kutembea, kama kugawa madaftari na kufuta ubao. Usimwite kusoma mbele ya darasa bila kumwandaa. Mpe aya yake jana yake, aifanyie mazoezi, ndipo asimame asome. Mara ya kwanza mtoto wa namna hii anaposoma hadi mwisho mbele ya wenzake, kuna kitu hubadilika usoni mwake ambacho hakuna cheti kinachoweza kukitoa.

Viboko havifundishi kusoma. Kanuni za nchi kuhusu adhabu hiyo, zile za mwaka 2002, zinaihusisha na makosa makubwa ya nidhamu na kuiweka chini ya mamlaka ya mkuu wa shule, na kushindwa kuunganisha silabi si kosa la nidhamu. Mtoto anayeogopa kipigo hutumia akili yake kujificha: atakariri ukurasa, atanong'onezewa na jirani, ataugua tumbo siku ya kusoma, na mwisho ataacha kuja. Kumkaririsha darasa nako, kama hakuna kitakachobadilika katika namna anavyofundishwa, ni kumpa mwaka mwingine wa jambo lilelile.

Kuzungumza na mzazi au mlezi

Usimwite mzazi kwa barua ya malalamiko. Msalimu ipasavyo, mpe kiti, anza na yale ambayo mtoto anayaweza, kisha mfungulie daftari umwoneshe ulichoandika. Muulize kwa upole historia yake: kama kuzaliwa kwake kulikuwa na matatizo, kama aliwahi kupata degedege au homa ya uti wa mgongo, kama alichelewa kuzungumza, na kama kuna baba mdogo, shangazi au ndugu mwingine aliyepata shida kama hiyo shuleni. Swali la mwisho mara nyingi hufungua moyo, kwa kuwa mzazi anakumbuka mateso yake mwenyewe darasani. Iwapo bibi anayemlea anaamini kwamba mtoto amechezewa na watu, usimbishie wala kumcheka. Mweleze kwamba chochote anachokiamini, macho na masikio ya mtoto yanahitaji kupimwa na mazoezi yanahitaji kuanza.

Omba jambo moja linalowezekana. Katika nyumba isiyo na umeme, robo saa kabla ya jua kuzama, mtoto akishachota maji na mifugo ikishafungwa, inatosha. Mzazi asiyejua kusoma anaweza kabisa kusaidia: akae karibu, asikilize, amwambie mtoto amsimulie alichosoma, ahesabu naye kuku na mayai, amtume dukani na kumtaka aeleze chenji. Kinachotakiwa kukoma nyumbani ni kumlinganisha na mdogo wake.

Pale msaada wa shule usipotosha

Ukifundisha kwa namna hii kwa mihula miwili na maendeleo yakawa madogo mno, peleka daftari lako kwa mwalimu mkuu, na kupitia kwake kwa afisa elimu kata na afisa anayeshughulikia elimu maalumu katika halmashauri. Daftari hilo lina nguvu kuliko barua ndefu, kwa sababu linaonesha nini kimejaribiwa na nini kimetokea. Uliza shule ipi ya karibu ina kitengo cha elimu maalumu au mwalimu aliyesomea fani hiyo, kwa mfano katika Chuo cha Ualimu Patandi mkoani Arusha, na umwombe ushauri hata kama mtoto atabaki kwako. Vikao vya mafunzo endelevu ya walimu kazini vinafaa sana kwa jambo hili: leta ukurasa wa mtoto mmoja, bila kutaja jina lake, mjadili pamoja.

Kwa upande wa afya, safari huanza zahanati au kituo cha afya na kupanda hadi hospitali ya wilaya na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Dodoma. Mzazi akielekezwa Mirembe kwa uchunguzi, huenda akaogopa jina hilo kwa mambo aliyoyasikia tangu utotoni. Mweleze kwamba ni hospitali ya taifa ya afya ya akili, na kwamba kwenda kumwona mtaalamu wa akili na tabia hakumfanyi mtoto kuwa mwendawazimu.

Suala la mitihani lishughulikiwe mapema. Watahiniwa wenye mahitaji maalumu huweza kuombewa utaratibu maalumu, ukiwamo muda wa ziada, lakini maombi hayo huambatana na usajili na huhitaji ushahidi. Kumbuka mtoto huyu katika darasa la nne. Ukimkumbuka wiki moja kabla ya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, umechelewa.

Kwa wale wanaoingia sekondari, jiandae kuona ugumu ukirudi kwa sura mpya. Kijana aliyeushinda usomaji wa Kiswahili hukutana na Kiingereza, ambamo herufi moja husomwa kwa namna nyingi, tena masomo karibu yote yanafundishwa kwa lugha hiyo. Mfafanulie dhana kwa Kiswahili kwanza, mpe msamiati wa mada siku moja kabla ya kipindi, mruhusu asome na mwenza, na umpime kwa mdomo pale inapowezekana.

Mwezi Desemba, kabla shule hazijafungwa, keti na mwalimu atakayempokea mtoto Januari. Mkabidhi kurasa zake, umwoneshe ngazi aliyofikia, silabi zinazomsumbua bado, mahali anapokaa vizuri darasani, na jina la mwanafunzi anayesoma naye kwa amani. Mwalimu mpya aanze na ukurasa wa mwisho wa daftari hilo.